Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Baridi Mjini Ravenna

SWALI

Mhariri wa safari, pokea salamu kutoka Jinja. Mwezi wa Januari mimi na mume wangu tutakwenda Italia kumwona binti yetu anayesoma katika Chuo Kikuu cha Bologna. Siku nyingi tutakuwa pamoja naye, lakini siku moja atakuwa na mtihani, na siku hiyo tungependa kuitumia sisi wawili katika mji wa kale, tukiondoka asubuhi na kurudi jioni. Jamaa wanatushauri Venice au Florence. Hata hivyo, mume wangu ana goti linalomsumbua anapopanda ngazi, nami sijawahi kukaa mahali penye baridi kali. Tuchague mji gani, na siku yenyewe tuipange vipi?
Mama wa watatu, Jinja

JIBU

Dada yetu wa Jinja, nendeni Ravenna. Sisemi hivyo kwa kuidharau Venice wala Florence, ambako treni za kasi hufika upesi kutoka Bologna, bali kwa sababu ya mambo mawili uliyoyataja mwenyewe. Venice ni mji wa madaraja, na karibu kila daraja lina vidato vya kupanda na kushuka. Ravenna umekaa tambarare, hata wenyeji wengi huzunguka kwa baiskeli, na shemeji ataweza kutembea humo bila kukutana na kilima. Ama kuhusu baridi, raha ya Venice iko nje kwa sehemu kubwa, kwenye mifereji na viwanja, ilhali hazina ya Ravenna imo ndani ya majengo. Kwa nje utaona kuta za matofali zisizo na pambo, na mtu asiyeambiwa anaweza kuzipita. Ukivuka mlango, dari na kuta zimefunikwa mozaiki, yaani picha zilizotungwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya mawe na vioo, na baadhi ya vioo hivyo vimebana ndani yake utando wa dhahabu. Zaidi ya hayo, Januari si msimu wa watalii wengi, kwa hiyo mtapata nafasi ya kusimama na kutazama bila kusukumwa na foleni.

Ni vyema mjue kwa nini mji mdogo kama huo una utajiri wa namna hiyo. Mwaka 402 Kaisari Honorius, kwa kuhofia Wavisigothi waliokuwa wakiitishia Milan, alihamishia makao yake Ravenna, kwa kuwa mji ulizungukwa na vinamasi vilivyoyazuia majeshi na ulikuwa na bandari ya Classe karibu yake. Ukabaki makao ya makaisari wa Rumi ya Magharibi hadi mwaka 476, kisha ukawa mji wa Theodoric, mfalme wa Waostrogothi, na mwaka 540 ukatwaliwa na majeshi ya Justinian, kaisari wa Konstantinopoli. Kila utawala ulijenga majengo yake, na mwaka 1996 majengo 8 ya mji huo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Msijaribu kuyamaliza yote 8. Siku ya Januari ni fupi huko: jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na huzama mnamo saa kumi na moja jioni, jambo ambalo sisi tuliozoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima hulisahau tunapopanga safari. (Saa nilizotaja ni kwa kuhesabu kwetu, ubao wa stesheni utaandika 15:30 kwa saa tisa na nusu alasiri, na majira ya Italia wakati huo yako nyuma ya Uganda kwa saa mbili.) Pandeni treni ya mkoa mapema, ili saa nne muwe mmekwisha kufika, safari ni ya saa moja na kitu, na nauli ya treni hizo haipandi kwa kununua siku hiyohiyo. Mkinunua tiketi ya karatasi, igongeni muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, kwa maana tiketi isiyogongwa huleta faini.

Kutoka stesheni, anzeni na upande wa mbali, ambako Basilika ya San Vitale na Kaburi la Galla Placidia ziko ndani ya ua mmoja. Ingieni kwanza kaburini. Ni jengo dogo lenye umbo la msalaba, la karne ya 5, na madirisha yake yamezibwa kwa mawe membamba ya alabasta yanayopitisha mwanga wa rangi ya asali. Mwanzoni mtaona giza tu. Subirini macho yazoee, ndipo dari ya buluu nzito yenye nyota za dhahabu itakapojitokeza, na juu ya mlango mtamwona Mchungaji Mwema ameketi kati ya kondoo wake. Kwa San Vitale, iliyowekwa wakfu mwaka 547, nendeni moja kwa moja kwenye altare: upande mmoja yuko Justinian na maaskari wake, upande wa pili mkewe Theodora ameshika kikombe, na kwenye pindo la vazi lake wamefumwa wale Mamajusi watatu. Justinian hakuwahi kukanyaga Ravenna; picha hiyo ndiyo iliyotawala badala yake.

Mchana kuleni kitu cha moto. Cappelletti, yaani tambi ndogo zilizojazwa ndani, katika mchuzi wa nyama ni chakula cha baridi cha eneo hilo, na piadina, mkate wa bapa unaofanana na chapati yetu, huuzwa kila mahali. Wasomaji wetu Waislamu waulize kwanza, kwa sababu unga wa piadina mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kisha piteni kwenye kaburi la Dante, mshairi aliyefukuzwa Florence akafia hapa mwaka 1321, na katika kanisa la San Francesco lililo jirani. Chini ya altare yake kuna chumba kilichojaa maji, kwa kuwa mji umekuwa ukididimia kwa karne nyingi, na samaki huogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Wekeni sarafu mkononi, maana taa yake huwashwa kwa sarafu.

Sant'Apollinare Nuovo iacheni iwe ya mwisho, kwa kuwa iko karibu na stesheni, na nawasihi msiipite kwa haraka. Theodoric aliijenga kwa ajili ya Waariani wenzake, Wakristo walioamini kwamba Kristo si sawa na Mungu Baba. Utawala ulipobadilika, watu waliokuwa wamechorwa ndani ya picha ya jumba lake la kifalme waling'olewa na mapazia yakachorwa mahali pao, lakini mafundi waliacha mikono: ukiangalia nguzo kwa makini utaona kiganja na vidole visivyo na mwenyewe. Juu ya ukuta huohuo mashahidi wa imani 26 wanaandamana kumwelekea Kristo, na ukutani mkabala mabikira 22 wanamwelekea Bikira Maria, kila mmoja akiwa na taji mkononi na jina lake limeandikwa juu ya kichwa. Ninyi mnaotoka katika nchi inayofurika Namugongo, mahali pa hija, kila tarehe 3 Juni, na ambayo mashahidi wake 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, someni majina hayo moja baada ya jingine. Sidhani kama kuna mgeni anayestahili kusimama mbele ya ukuta ule kwa utulivu kuliko Mganda.

Kuhusu mavazi, bonde la mto Po lina ukungu na baridi yenye unyevunyevu. Asubuhi joto hushuka karibu na nyuzi 0, na mchana mara nyingi halifiki 10. Msinunue makoti huko kwa bei ya dukani, maana katika soko la Owino, Kampala, mtapata koti zito la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya baridi hiyohiyo. Vaeni nguo nyepesi kadhaa chini yake, na pesa zenu zitumieni kwenye viatu vya soli nene na soksi za sufu, kwa sababu sakafu za mawe za makanisa hupitisha ubaridi miguuni, na goti la shemeji litakuwa la kwanza kulalamika.

Mwombeni binti yenu aangalie mapema saa za kufungua, ambazo hupunguzwa majira ya baridi, na awakatie tiketi ya pamoja inayojumuisha San Vitale na Sant'Apollinare Nuovo. Awawekee pia nafasi ya Galla Placidia, ambako watu huingia kwa zamu. Mkiifanya zamu hiyo kuwa ya saa nne na nusu, mambo mengine ya siku yatajipanga nyuma yake.