Uliza Fundi: Nyumba ya babu Mikindani, tupige simenti?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumeachiwa nyumba ya babu pale Mikindani, ile ya mawe, ya ghorofa moja na mlango wa nakshi, na imo kwenye majengo ya kale yanayolindwa. Mi na mume wangu tunataka kuhamia na watoto, tuweke choo cha ndani kule juu, kiyoyozi, mambo ya kisasa. Shida ukuta wa chini unabanduka na kutoa chumvi, fundi wetu anasema tupige simenti yaishe. Alafu kuna mtu wa Dar anautaka mlango, anatoa hela nzuri tu. Tufanyeje? – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na huyo wa Dar maana ndo atakutia matatani mapema: mlango usiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 pamoja na fremu zake, kuuza bila kibali ni kosa hata kama umeachiwa na babu.

Haya, simenti. Fundi wako aweke mwiko chini kwanza. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, maji ya ardhini yanapanda humo kila siku na kutokea kwenye chokaa yakakaushwa na upepo, sasa ukiziba kwa simenti yanakosa pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi inaganda nyuma ya plasta inaisukuma, utaona inavimba, ukiigonga inalia utupu, siku linadondoka bamba zima limeng'oka na jiwe lake. Bandua palipooza, piga chokaa iliyolowekwa vizuri kwenye pipa, na mchanga usiwe wa ufukweni (huo unaleta chumvi nyingine), alafu siku za mwanzo nyunyizia maji isikauke kwa pupa. Baada ya miaka itamenyeka tena, utapiga tena, ndo kazi yake.

Choo cha juu sikushauri kabisa. Dari inabebwa na boriti za mikoko, bomba likivuja kidogo tu ncha zilizomo ukutani zinaoza na wewe huoni kitu. Jenga choo na bafu uani, na simtanki ikae huko huko kwenye mnara wake, lita 1,000 ni tani nzima jamani. Wala msivunje kuta mpate sebule pana, vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ndo zinafika hapo.

Kiyoyozi kimoja chumbani sawa, waya zipite juu ya ukuta bila kuchimba. Kwanza lakini fungueni madirisha ya zamani kama yamezibwa, huenda msikihitaji.

Kaangalieni Boma hapo hapo Mikindani, la Wajerumani la 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli. Michoro na picha pelekeni Idara ya Mambo ya Kale na manispaa kabla fundi hajagusa kitu, na boriti mpya za mikoko zina kibali chake TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Fanyeni mapema, mvua zetu zikianza Desemba chokaa mbichi ya nje inaoshwa yote.