Mafia mwezi wa 12, kutokea Dodoma

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nipo hapa Nkuhungu, mwezi wa 12 nina likizo na wife kashachoka habari za Zanzibar, anasema kila mtu anarudi na picha zile zile, anataka Mafia akaone yale masamaki makubwa. Sasa mimi kuogelea sijui kabisa, maji mengi niliyozoea ni ya kwenye simtanki. Hivi yale hayali watu? Na bila ndege tunafikaje?
Mwoga wa maji, Dodoma

JIBU: Kaka, shemeji kapatia na mwezi pia mmepatia, potwe, ndiyo hayo masamaki makubwa, wanaonekana sana kuanzia Oktoba mpaka kama Machi, tena karibu tu na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Hali mtu bwana. Ni papa kweli, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ila anakula vijidudu na visamaki vidogo, anakuja taratibu kaachama mdomo anachuja maji, mgongo wote madoadoa meupe. Msimshike, msimkatie njia kwa mbele na mkae mbali na mkia maana huo ukikupata utaumia. Wewe vaa laifujaketi ubaki kwenye boti, akipita juujuu unamwona vizuri tu, na nahodha akikwambia "ruka broo, hamna shida" mwambie shida ipo, ni wewe.

Njia: SGR mpaka Dar, mnalala, asubuhi mnakwenda Mbagala Rangi Tatu kupanda gari la Nyamisati, kule Kibiti, halafu boti mpaka Kilindoni. Boti inapita kwenye mikoko ya Rufiji kabla ya kutoka baharini na saa za kuondoka zinafuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo pigeni simu siku moja kabla, na msipange kurudi leo kesho kazini, upepo ukichafuka mtakaa. Kitambulisho cha NIDA msisahau, kiingilio cha hifadhi ya bahari kwa Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Hela taslimu pia, ya kutosha.

Mkimaliza potwe vukeni kisiwa cha Chole mkaone magofu na wale popo wakubwa wanavyoning'inia mitini mchana kweupe, kisha kisiwa cha Juani kwenye mji wa kale wa Kua. Vijijini shemeji awe na kanga ya kujistiri. Ila vitoto vya kasa vya Juani msivitegemee, vingi vinatoka mayaini kati ya Juni na Septemba, kwa hiyo atakayewauzia hiyo safari mwezi wa 12 mwambieni asante sana.