Chuma kinachoka, changamoto haikihusu

Msomaji wetu, mwanafunzi wa ufundi mitambo hapa Mbeya, anauliza: "Mwalimu akitufundisha rota za turbini za mvuke (mihimili ya chuma inayozungushwa na mvuke) husema 'uchovu wa chuma kutokana na joto'. Wenzangu wanacheka, chuma si mtu, hakichoki. Tumekubaliana kuandika 'rota imepata changamoto ya joto'. Tumekosea?"

Mmekosea. Mwalimu yuko sahihi. Betri huchoka, shati huchoka, gari huchoka; chuma kina nini? Na choka huzaa uchovu kama okoka inavyozaa wokovu.

Lakini hiyo changamoto! Juzi stendi utingo mmoja aliniambia lori lao "lilipata changamoto ya breki" Kitonga. Nikamuuliza: upepo uliisha? Breki zilishika moto? Dramu ilipasuka? "Ndiyo, dramu ilipasuka." Kumbe neno alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

Nayo dramu hiyo ndiyo darasa lenu. Lori linateremka Kitonga limeshika breki. Uso wa ndani wa dramu, unaosuguliwa na breki, unaungua na kutaka kutanuka, upande wa nje bado haujapata moto, unauzuia. Likifika chini, dramu inapoa na kunywea. Safari ijayo ni vilevile. Ukiifungua utaona vijufa vyembamba kama nywele, na siku moja kimoja kinakwenda mpaka mwisho. Hakuna aliyeipiga nyundo. Imechoka.

Rota ni hivyo hivyo. Mtambo ukiwashwa, mvuke wa nyuzi 500 na zaidi unapasha ngozi ya rota wakati kiini bado baridi, ngozi inabanwa. Ukizimwa, ngozi inatangulia kupoa, inavutwa. Kila kuwasha na kuzima kunaongeza jeraha, hasa kwenye mifuo (mifereji iliyochongwa kwenye rota) na pembe kali, ndiyo maana rota hupashwa polepole. (Mitambo ya Mtera na Kihansi inasukumwa na maji, ugonjwa huu haiujui.)

Sasa changamoto iko wapi hapo? Changamoto ni jambo linalokuchokoza uoneshe uwezo wako. Ufa haumchokozi mtu, unamsubiri. Chuma cha tani nyingi kinazunguka mara 3,000 kwa dakika, na fundi wa zamu ya usiku anasoma kwenye daftari neno "changamoto". Atazame wapi? Azime mtambo au aendelee? Neno hilo limemnyima kila alichohitaji kujua, na linaweza kumuua.

Mgombea akisema barabara ina changamoto badala ya mashimo, siku hizi namwacha apite. Kwenye daftari la karakana simwachi mtu.

Wala msikimbilie uchakavu: beringi huchakaa kwa kusuguana, ikalika. Rota yenu haijalika popote. Andikeni: "Rota imechoka kwa joto, ina nyufa tatu kwenye mfuo wa kwanza." Nyufa, jamani, si maufa.