Kwa nini mgunga hudhoofu tembo wakizuiwa

Umeuliza kwa nini migunga ya Laikipia, nchini Kenya, ilidhoofu ndani ya uzio uliowazuia tembo na twiga wasile majani yake. Utafiti wa Todd Palmer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mti usioliwa hupunguza maji matamu unayowapa sisimizi walinzi, pamoja na ile miiba iliyovimba ambamo huishi. Walinzi hao wakipungua, huingia sisimizi wa aina nyingine, ambao hawautetei mti kwa dhati na hukaa katika matundu yaliyotobolewa na mabuu wa mbawakawa ndani ya shina lenyewe. Ndiyo maana mti hukua polepole na hufa kwa urahisi zaidi. Naona hao mbawakawa ndio wanaosahauliwa mno katika mijadala ya uzio.