Pakiti imeandikwa ina vitamini, sasa ubaya uko wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, tangu bibi yake amuonjeshe biskuti za watoto na ule mtindi wa matunda wa kikopo basi chakula cha nyumbani hataki tena, yai anatema, kiazi anageuza shingo, nikimnyima analia mpaka namuonea huruma nampa. Pakiti imeandikwa ina vitamini na madini, kweli ina ubaya?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, usijilaumu. Hebu igeuze hiyo pakiti usome kule nyuma kwenye maandishi madogo. Viungo hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndo kingi, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili au ya tatu ujue unalisha sukari, halafu angalia na sharubati ya glukosi maana ni sukari hiyohiyo kwa jina lingine. Ukikuta na vionjo, rangi, emulsifaya (kinachofanya mafuta na maji vishikane), yaani vitu ambavyo jikoni kwako havipo, hicho ndo chakula kilichosindikwa kupita kiasi. Vitamini wametia kweli, ila haziondoi sukari.

Kinachoniuma mimi ni nafasi. Tumbo la mtoto ni dogo mno, biskuti tatu zikishaingia yai halina pa kukaa, na madini ya chuma anayoyahitaji sana umri huu yanakosekana. Tena chukua hiyo biskuti iweke ulimini uone, inayeyuka hata hujatafuna, sasa mtoto atajifunza saa ngapi kutafuna? Mwaka 2019 huko Marekani mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapa watu wazima 20 vyakula vya aina hii, wakajikuta wanakula kama kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipokula vya kawaida, na hao ni watu wazima.

Sio kila cha kopo ni kibaya lakini, mtindi mtupu mpe, ponda ndizi humo. Biskuti usinunue kabisa, isiwepo ndani, maana ikiwepo utashindwa tu. Yai weka kipande kidogo kama ukucha, kula na wewe mbele yake, akitema usimlazimishe, kesho weka tena, watoto wengine hukubali baada ya mara kumi na zaidi. Bibi naye mwambie taratibu, mpe yeye ndo amlishe hiyo ndizi, atafurahi. Ila ukiona anakataa kila kitu na uzito unashuka, mpeleke kliniki, usisubiri.