Unahama na trela la kukodi, gari yako ni SUV ndogo: pitia haya kwanza

Wakuu, hii nawaandikia nyie ambao hamjawahi kuvuta trela hata siku moja, sasa mnataka kuhama, mmepiga hesabu mkaona trela la kukodi linatoka nafuu kuliko lori, na gari iliyopo ni SUV ndogo. Inawezekana kabisa, watu wanahama hivyo kila siku na wanafika salama. Ila kuna mambo ambayo anayekukodisha hatakaa akueleze vizuri, ana foleni ya wateja nyuma yako, na ukija kuyajua ukiwa tayari barabarani na nyumba nzima iko nyuma ya gari, umechelewa, na wa kuumia sio wewe tu, kuna na yule anayekuja upande wa pili.

Swali la kwanza la kila mtu ni "hivi gari yangu itavuta kweli?" Kuvuta itavuta. Hata injini ndogo yenye tabo itaondoka na mzigo mkubwa kuliko ulioruhusiwa na kwenye tambarare hutasikia tofauti kubwa, na hapo ndipo watu wanapojiaminisha. Kazi ipo kwenye kusimama, kwenye mteremko na kwenye upepo wa ubavuni, pale ambapo trela linaanza kutaka kuiongoza gari. SUV ndogo ni nyepesi na ni fupi, tairi za mbele na za nyuma haziko mbali sana, kwa hiyo trela zito linaisukuma kirahisi mno. Mengi nitakayosema yanarudi hapo hapo.

Fungua kitabu cha gari, sio video, sio jamaa yako mwenye gari kama yako. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kuvuta. SUV ndogo zinatofautiana sana, zipo zenye kilo 680 tu, zipo zinazofika 1,500 au zaidi, na zipo ambazo kitabu kinasema wazi usivute kitu. Tena gari mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na namba tofauti kwa sababu ya injini, giaboksi, au moja inavuta tairi zote nne na nyingine za mbele tu. Na kwenye nchi nyingi utakuta namba mbili, moja ya trela lenye breki zake lenyewe na nyingine ya trela lisilo na breki, hii ya pili ni ndogo zaidi. Ukikodi trela lisilo na breki halafu ukahesabu kwa namba ya lenye breki ujue breki za gari yako peke yake ndio zinabeba kila kitu.

Sasa hesabu yenyewe. Ile namba ni ya trela PAMOJA na mzigo. Trela dogo la boksi, lile lililofungwa pande zote, likiwa tupu linaweza kuwa na kilo 400 hivi. Kama gari yako ni ya kilo 680 umebakiwa na 280. Toa friji, toa mashine ya kufulia, toa maboksi kumi ya vitabu (boksi moja la vitabu linafika kilo 15 mpaka 20 bila shida), umeshamaliza na kitanda bado hujakigusa. Kwa hiyo wengi wenye SUV ndogo ni bora wachukue trela la wazi jepesi, au wakubali kwenda ruti mbili. Na trela la boksi lina tatizo jingine ambalo watu hawaliwazi, ule ukuta wa mbele unapigana na upepo njia nzima, hata likiwa limebeba magodoro tu injini itahema na mafuta yataenda haraka.

Pia kuna uzito ambao trela linauweka kwenye mkia wa gari, pale kwenye gololi ya tobaa (tobaa ni kile chuma cha kuvutia nyuma ya gari, gololi ni lile tufe la chuma juu yake). Huo unahesabiwa ndani ya mzigo wa gari yenyewe. Ukijaza watu watano, mabegi kwenye buti na kapu la juu, halafu ukaongeza shingo ya trela (ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari), springi za nyuma zinakaa chini, taa za mbele zinaangalia mawinguni na tairi za mbele zinakuwa nyepesi, ambazo ndizo zinakata kona na ndizo zinafanya kazi kubwa ya breki. Ukiwa unavuta, watu wengine wapande gari nyingine.

Tukija kwenye kupakia, hapa naomba msikilize kwa makini maana trela linayumba au linatulia kutegemea ulivyopakia, dereva hata awe mzuri vipi. Kanuni ni kwamba mzigo mzito ukae mbele ya ekseli (ule mhimili wa tairi za trela), karibu asilimia 60 ya uzito wote iwe upande wa mbele, na vitu vizito vikae chini. Shingo ilalie gololi kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa trela lote, yaani trela la kilo 600 liegemee kama kilo 60 mpaka 90, ila usivuke kiwango kilichoandikwa kwa gari na tobaa yako, zipo gari zinaishia 75 na hapo unapunguza mzigo. Watu wengi wanafanya kinyume bila kujua, wanaanza na vitu vyepesi kwa sababu ndio viko karibu na mlango, friji na mashine zinakuja mwisho zinakaa kwenye mlango wa trela. Hapo umeshatengeneza pendulamu. Anza na friji, mashine ya kufulia na vitabu, visukume mpaka ukuta wa mbele, makochi na meza katikati, magodoro na mito nyuma. Halafu angalia kulia na kushoto, friji upande mmoja na mashine upande wa pili, usirundike vyote kushoto. Funga kwa mikanda ya racheti, sio kamba ya manila peke yake, kwa sababu mzigo ukihama ukiwa njiani mpangilio wako wote umekufa.

Kupima ni rahisi kuliko inavyosikika. Egesha sehemu tambarare, weka vizuizi kwenye tairi za trela, chukua ile mizani ya kupimia uzito wa mwili, weka juu yake kipande cha mbao kifike urefu wa gololi, kisha teremsha shingo ya trela ilale juu ya ile mbao na usome. Ukikuta kilo 20 kwenye trela la kilo 600, rudi upange upya hata kama mmechoka na kiza kinaingia. Na wakati wa kupakia trela liwe limefungwa kwenye gari, ukipakia likiwa peke yake mtu akiingia na kitu kizito kwa nyuma shingo inaruka juu na mtu anaweza kuumia.

Kufunga. Hakikisha saizi ya gololi inalingana na kikombe cha trela (kile kinachofunika gololi mwishoni mwa shingo), zipo za milimita 50 na zipo nyingine ndogo na kubwa kidogo, gololi ndogo kwenye kikombe kikubwa itakubali kuingia vizuri tu halafu itachomoka kwenye tuta la kwanza. Ukishafunga lachi, kile kishikio kinachobana gololi ndani ya kikombe, usiamini macho. Kama trela lina jeki ya mbele, zungusha kama unanyanyua shingo, mkia wa gari ukipanda pamoja nayo basi imeshika kweli, ikibanduka anza upya. Kama halina jeki, shika shingo kwa mikono miwili uivute juu kwa nguvu. Minyororo ipishane chini ya shingo, wa kushoto uende kulia na wa kulia uje kushoto, ili ikitokea shingo imechomoka idakwe isichimbe lami, na iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona bila kuburuza chini. Chomeka waya wa taa, mtu asimame nyuma akwambie breki, indiketa kulia, indiketa kushoto, moja moja. Tairi za trela zikague kabla hujasaini chochote, upepo, nyufa za pembeni, na piga picha kila upande wa trela ukiwa bado hapo hapo ofisini kwao.

Barabarani sasa. Mara nyingi kwenye trela kuna stika ya spidi ya mwisho, iheshimu hata kama barabara inaruhusu zaidi. Ukiwa spidi 100 breki zina kazi ya zaidi ya mara moja na nusu kuliko ukiwa 80, hiyo ni fizikia na haina ujanja. Acha nafasi kubwa mbele, hata mara mbili ya uliyozoea, na kwenye mteremko punguza ukiwa bado juu, weka gia ndogo uache injini ishike, usilalie breki mpaka zinuke. Kruzi kontroo, ile inayoshika spidi yenyewe, izime kwenye milima. Kona ingia kwa upana maana tairi za trela zinakata ndani kuliko za gari, ukisahau unapanda ukingo.

Trela likianza kucheza mkia, utalisikia kwenye kiti kabla hujaliona kwenye saiti mira, gari inasukumwa kushoto halafu kulia, kila mara zaidi kidogo. Toa mguu kwenye moto, shika usukani unyooke na uache spidi ianguke yenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulifuata kwa usukani kwa sababu utakuwa unachelewa kila safari na unaliongezea, na usiongeze moto kama wanavyoshauriana watu vijiweni. Likitulia, tafuta sehemu salama usimame, fungua mlango wa trela, hamisha mzigo kwenda mbele. Usiendelee tu kwa sababu limetulia, limetulia kwa vile umepunguza spidi na ukirudi kwenye spidi ile litarudi. Hata kama hakuna kilichoyumba, simama baada ya kilometa chache za mwanzo, kagua lachi, minyororo na mikanda, sogeza mkono karibu na habu za tairi (pale katikati ya tairi), moja ikiwa na joto la ajabu kuliko mwenzake kuna beringi au breki inaumwa.

Rivasi: shika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto mkia wa trela unaenda kushoto. Trela fupi linageuka haraka sana kuliko refu, kwa hiyo miguso midogo, taratibu, na ukiona linataka kujikunja simama uende mbele lijinyooshe, hakuna aibu. Gari yenye breki ya kujikamata yenyewe wakati wa rivasi izime kwanza, maana italiona trela kama ukuta.

Mkifika, shusheni mzigo trela likiwa bado kwenye gari. Likishakuwa tupu ndio uweke vizuizi pande zote mbili za tairi, utoe waya wa taa, ushushe jeki au mguu wa trela, ufungue lachi, na minyororo iwe ya mwisho kabisa kutoka, ukiwa umeshahakikisha trela limesimama lenyewe.