Ukichimba Tope la Ziwa, Linda Sentimita za Juu

Anayeanza kutafuta historia ya mvua katika mashapo ya ziwa hupenda urefu, naye hupima mafanikio ya safari kwa mita za tope alizotoka nazo. Nami nilikuwa hivyo. Safari yangu ya kwanza katika Ziwa Naivasha, Kenya, tulirudi na bomba lililojaa, tukalilaza nyuma ya pikapu, na barabara ya vumbi ilipokwisha tope laini la juu lilikuwa limekorogeka kama uji. Majibu ya maabara kuhusu risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye unururifu ambayo hupungua kadiri tope linavyozeeka, yalionyesha kiwango kilekile kutoka juu hadi sentimita ya ishirini, na kwa hiyo hatukuweza kupata tarehe yoyote.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Risasi-210 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi, kwa hiyo hutupatia umri wa tope la miaka 150 iliyopita tu, na ndani ya kipindi hicho ndimo watu walimoanza kupima na kuandika kina cha ziwa. Maji yakipungua chumvi huzidi, na diatomu (mwani wadogo mno wenye maganda magumu) zinazoistahimili huongezeka topeni. Ikiwa diatomu zako hazionyeshi jinsi Naivasha ilivyopungua katika miaka ya 1940, jambo ambalo vipimo vinalithibitisha, kwa nini tuziamini zinaposimulia karne ya 11? Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 2000, ambao ulisoma takriban miaka 1,100 ya ziwa hilo na kuonyesha ukame mkali kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, ulipata nguvu kwa kupita kwanza katika mtihani huo.

Mahali pa kuchimba pana uzito wake pia. Sehemu kubwa ya Naivasha ni ya kina kifupi, na upepo wa alasiri hutibua tope lake. Watafiti wale walichimba katika kreta iliyozama kando ya Crescent Island, ambako kina ni kirefu na tope hutulia. Nenda alfajiri, ingawa viboko nao huwa bado hawajalala.

Kuhusu kaboni-14, kaboni yenye unururifu inayotumika kukadiria umri wa mabaki ya viumbe, usipime tope zima ikiwa unaweza kupata kipande cha jani la mti wa nchi kavu, kwa sababu mimea ya majini huweza kufyonza kaboni kongwe iliyoyeyuka majini na kukupa umri uliozidi.

Siku hizi mimi huziba bomba kwa chini kabla halijatoka majini, hulishika wima, hunyonya maji ya juu taratibu kwa mpira mwembamba, kisha hukata tope laini vipande vya nusu sentimita papo hapo ufukweni. Sehemu iliyobaki husafiri imesimama, imefungwa kwa kamba kwenye kiti cha abiria, na nafasi isipotosha ni mimi ninayepanda nyuma.